Betri ya Gari: Ipimwe Kabla ya Kununua Mpya, na ya Zamani Irudishwe Dukani

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye foleni ya feri ya Likoni. Magari ya mbele yameanza kuingia. Dereva mmoja anazungusha ufunguo, na badala ya injini kunguruma kinasikika kitu kimoja tu: tik, tik, tik. Walio nyuma wanapiga honi. Vijana wanasogea kusukuma, lakini gari ni la gia otomatiki, na gari la namna hiyo haliwaki kwa kusukumwa. Mwishowe linatolewa kando, fundi anaitwa, na jawabu linakuja kabla hata ya boneti kufunguliwa: "Betri imekufa. Nunua nyingine."

Mara nyingi fundi huwa amesema kweli. Lakini si mara zote. Wapo wenye magari walionunua betri mpya leo na baada ya wiki tatu wakasimama tena palepale, kwa sababu tatizo halikuwa betri. Wapo pia walioibadilisha kwa haki, kisha ile ya zamani wakaiacha nyuma ya nyumba, mahali watoto wanapochezea. Hasara ya kwanza ni ya pesa. Ya pili ni ya afya, na wakazi wa Mombasa wana sababu ya kuijua kuliko wengi.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kujua kama betri imefika mwisho, namna ya kuchagua nyingine, hatua za kuibadilisha bila kuumia, na mahali pa kuipeleka ile iliyochoka.

Kwa nini betri hazidumu Pwani

Betri ya kawaida ya gari, ya volti 12, ina vyumba sita. Kila chumba kinatoa takriban volti mbili. Ndani yake mna sahani za madini ya risasi zilizozama katika mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki. Sahani na asidi zinapokutana ndipo umeme unapatikana, na alteneta ya gari huurudisha umeme huo injini inapokuwa ikizunguka.

Watu wengi wanaamini kuwa adui wa betri ni baridi. Baridi humfanya mgonjwa aonekane, lakini kinachomuua ni joto. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa betri ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 hivi, uchakavu wa ndani huenda kwa kasi inayokaribia mara mbili. Maji hupungua, na sahani huliwa na kutu. Mombasa miezi ya Januari hadi Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na chini ya boneti huwa kali zaidi ya hapo. Ndiyo maana betri ambayo ingekaa muda mrefu katika nchi ya baridi, hapa huchoka baada ya miaka miwili hadi minne.

Kuna sababu nyingine tatu za karibu. Ya kwanza ni safari fupi na foleni. Gari linalotoka Nyali hadi mjini huku kiyoyozi, redio na taa vikifanya kazi, na injini ikinguruma polepole kwenye msongamano, huenda likatumia umeme mwingi kuliko linaorudisha. Ya pili ni vifaa vilivyoongezwa: kengele za wizi, vifaa vya kufuatilia gari kwa setilaiti, na katika matatu, muziki mzito na taa za mapambo. Vingine huendelea kunyonya umeme usiku kucha gari likiwa limezimwa. Ya tatu ni hewa ya chumvi, ambayo huharakisha kutu kwenye ncha za betri na vishikizo vya nyaya.

Vipimo vya kufanya kabla ya kutoa pesa

Kipimo cha kwanza ni macho. Boneti ifunguliwe na ncha za betri zitazamwe. Unga mweupe au wa rangi ya kijani unaoota hapo huzuia umeme kupita, na gari hukataa kuwaka ingawa betri ni nzima. Kishikizo kilicholegea kiasi cha kuzungushwa kwa mkono huleta dalili hiyohiyo. Kusafisha na kukaza ni kazi ya dakika kumi. Betri iliyovimba ubavuni, iliyopasuka au inayonuka kama yai bovu haina haja ya kupimwa tena. Hiyo ni ya kuondolewa.

Kipimo cha pili ni volti gari likiwa limepumzika. Mita ya volti inapatikana kwa fundi yeyote wa umeme wa magari, na hata mwenye gari anaweza kununua yake. Gari likae saa kadhaa bila kuwashwa, usiku kucha ikiwezekana, kisha ncha mbili zipimwe. Usomaji wake ni huu:

- Volti 12.6 au zaidi: betri imejaa.
- Volti 12.4: imebaki na takriban robo tatu ya chaji.
- Volti 12.2: imebaki nusu.
- Volti 12.0 kushuka chini: iko karibu na kuisha.

Volti ndogo peke yake haimaanishi betri imekufa. Huenda imeishiwa tu, kwa mfano taa ya ndani ilipoachwa ikiwaka. Betri ichajiwe kikamilifu kwa mashine, iachwe ipumzike, ipimwe upya. Ikiwa imeshika chaji, ni nzima. Ikiwa imeshuka tena bila kutumiwa, imechoka.

Kipimo cha tatu ni wakati wa kuwasha. Mtu mmoja awashe gari huku mwingine akitazama mita. Volti zikiporomoka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imechajiwa, nguvu yake imekwisha. Maduka mengi ya betri yana kifaa cha kupima nguvu hiyo kwa dakika chache, na mteja ana haki ya kuuliza na kuonyeshwa matokeo.

Kipimo cha nne ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho ni cha alteneta. Injini ikiwa inazunguka, volti kwenye ncha za betri zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5 hivi katika magari mengi. Zikibaki 12 na nukta, alteneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Betri mpya ikifungwa katika gari hilo itaisha kama ile ya kwanza. Zikipita 15, alteneta inachaji kupita kiasi na itachemsha betri mpaka ikauke. Magari ya kisasa ambayo kompyuta yake hubadilisha chaji kulingana na hali yanaweza kuonyesha vipimo tofauti kidogo, na hapo ni vyema fundi mwenye ujuzi wa gari hilo aulizwe.

Kama vipimo vyote ni sawa na bado betri inaisha kila asubuhi, kuna kitu kinachonyonya umeme usiku. Fundi anaweza kukitafuta kwa kuondoa fyuzi moja moja huku akipima. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na bei ya betri.

Namna ya kusoma namba za betri

Magari mengi yanayoshushwa Kilindini hutoka Japani, na betri zake zina namba za mtindo wa huko. Mfano unaoonekana sana ni 55B24L. Namba ya kwanza, 55, inaonyesha nguvu. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo betri ilivyo na nguvu zaidi. Herufi B inaeleza upana na kimo cha kasha. Namba 24 ni urefu wa kasha kwa sentimita. Herufi ya mwisho, L au R, inaonyesha ncha chanya iko upande gani. Ikiongezwa herufi S mwishoni, ncha zake ni nene.

Madukani bado kunatumika majina ya zamani pia. Betri inayoitwa NS60 ina kasha sawa na 46B24, na N70 ni sawa na 65D31, ambayo hufungwa zaidi katika pikapu na magari makubwa kiasi. Kwa hiyo aliyekuwa na 46B24L anaweza kununua 55B24L bila shida: kasha ni lilelile, nguvu ndiyo iliyoongezeka. Asichoweza kufanya ni kuchukua R mahali pa L. Nyaya hazitafika, na zikivutwa kwa nguvu zinaweza kugusana na chuma au kufungwa kinyume. Kufunga nyaya kinyume kwa sekunde chache tu kunaweza kuunguza fyuzi kuu, alteneta na kompyuta ya gari.

Mbali na namba hizo, kuna mambo matano ya kuangalia kabla ya kulipa.

Kwanza ni ujazo, unaoandikwa kwa herufi Ah. Usipungue ule uliopendekezwa na mtengenezaji wa gari. Kipimo kinachoandikwa CCA ni cha nguvu ya kuwasha injini katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwenye gari wa Mombasa hana sababu ya kulipa ziada kwa ajili ya namba hiyo peke yake.

Pili ni tarehe ya kutengenezwa. Betri huendelea kupoteza chaji hata ikiwa rafuni. Kila mtengenezaji ana namna yake ya kuandika tarehe, kwa hiyo muuzaji aombwe aisome na kuieleza. Iliyokaa dukani miezi mingi iepukwe, na yoyote inayopimwa chini ya volti 12.4 ichajiwe kwanza au iachwe.

Tatu ni alama ya ubora ya KEBS. Namba ya kibali iliyoandikwa chini ya alama hiyo inaweza kuhakikishwa kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama #, kisha namba ya kibali, kwenda 20023. Bei iliyo chini mno na kibandiko kinachobanduka kwa ukucha ni dalili za kutilia shaka.

Nne ni waranti. Mnunuzi ahakikishe kadi imeandikwa tarehe, namba ya betri na muhuri wa duka, na aitunze pamoja na risiti. Bila hivyo, waranti hubaki maneno matupu.

Tano ni aina. Betri za kuongezwa maji ni nafuu na hudumu vizuri iwapo mwenyewe atakagua maji kila mwezi. Zilizofungwa hazihitaji maji, lakini nazo huchoka. Magari yanayozima injini yenyewe kwenye foleni yanahitaji betri zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Ya kawaida itakufa mapema. Magari ya haibridi yana betri ndogo ya volti 12, mara nyingi nyuma au chini ya kiti, na kwa kuwa iko ndani na abiria huwa ya aina maalumu yenye mrija wa kutoa hewa nje. Mrija huo lazima urudishwe. Betri kubwa ya gari la haibridi na nyaya zake za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu asiyefunzwa; umeme wake unaua.

Hatua za kubadilisha

Kazi hii inaweza kufanywa nyumbani kwa spana, mara nyingi namba 10, glavu na miwani ya kukinga macho. Ifanyiwe mahali penye hewa. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche ndogo, kwa hiyo sigara na moto viwe mbali. Pete na saa za chuma zivuliwe.

1. Injini izimwe, ufunguo utolewe. Kwa magari yenye redio ya namba za siri, namba hizo zitafutwe kwanza.
2. Waya wa ncha hasi ufunguliwe kwanza. Sababu ni moja: bodi ya gari imeunganishwa na upande hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa chuma, cheche kali itaruka.
3. Waya wa ncha chanya ufuate, ukunjwe mbali na betri.
4. Kishikilia betri kifunguliwe, na betri inyanyuliwe wima. Ya gari dogo ina uzito wa kilo 10 hadi 15. Isiinamishwe.
5. Sehemu inapokaa na vishikizo vya nyaya vioshwe. Maji ya moto yenye magadi, yaleyale ya kulainisha maharagwe, huua asidi na kuondoa ule unga. Vikaushwe vizuri.
6. Betri mpya iwekwe na kufungwa imara. Betri inayotikisika barabarani huvunjika sahani ndani.
7. Waya wa ncha chanya ufungwe kwanza, hasi wa mwisho.
8. Ncha zipakwe vaselini au grisi kidogo. Kwa hewa ya bahari, hatua hii isirukwe.

Gari likiwaka, volti zipimwe tena injini ikizunguka. Saa, redio na madirisha ya umeme huenda yakahitaji kupangwa upya.

Asidi ikimrukia mtu machoni au kwenye ngozi, aoshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, nguo zilizolowa zivuliwe, na apelekwe hospitali bila kukawia. Macho yasisuguliwe.

Kuitunza ili idumu

Betri ya kuongezwa maji ijazwe maji ya betri yanayouzwa madukani na kwenye vituo vya petroli. Maji ya kisima ya Mombasa yana chumvi na huharibu sahani. Ya mfereji na ya chupa ya kunywa pia yana madini. Asidi isiongezwe kamwe. Kinachopungua kwa joto ni maji, asidi hubaki. Anayeongeza asidi huona gari likiwaka kwa nguvu siku chache, kisha sahani zikaliwa na betri ikafa. Maji yafunike sahani bila kupita mstari wa juu.

Gari linalokaa siku nyingi bila kutumika liendeshwe walau nusu saa kwa wiki. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakurudishi hata umeme uliotumika kuliwasha. Kivuli nacho ni dawa.

Betri ya zamani si taka ya kawaida

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Madini haya yakiingia mwilini kwa vumbi, maji au chakula, hukaa kwenye mifupa na kuharibu ubongo, figo na damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima. Mtoto aliyeathirika hupungukiwa uwezo wa kujifunza, na hasara hiyo hairudi.

Kwa Mombasa hilo si jambo la kusimuliwa kutoka mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, eneo la Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Wakazi, wakiwemo watoto, walipatikana na risasi katika damu. Kesi yao ilichukua miaka. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Phyllis Omido, aliyeongoza harakati za wakazi hao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Fidia hulipa pesa. Haiwezi kumrudishia mtoto akili iliyoharibiwa.

Kisa hicho kilianza na betri za magari ya kawaida, kama ile iliyo nyuma ya nyumba ya mtu leo. Ndiyo maana wakazi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

- Betri isivunjwe, wala asidi yake isimwagwe kwenye mtaro, shimo la choo, udongo au baharini.
- Risasi isiyeyushwe nyumbani kutengenezea uzito wa nyavu za kuvulia au kitu kingine chochote. Moshi wake ni sumu, hata ikiwa hauonekani.
- Kasha la betri lisitumiwe kuwekea maji, chakula au kupandia mboga.
- Isitupwe kwenye jaa. Sheria inaihesabu kuwa taka hatari.
- Isiuzwe kwa mnunuzi wa mitaani asiye na kibali. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka kila mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni, na wanaobeba au kushughulikia taka hatari wanahitaji leseni ya NEMA.

Njia rahisi ni kuirudisha dukani siku ileile ya kununua mpya. Wauzaji wengi wa betri huipokea ya zamani na kupunguza bei, kwa sababu risasi yake inaweza kutumiwa tena katika viwanda vyenye vibali. Mteja aulize punguzo hilo kabla ya kulipa, na ahakikishe limeandikwa kwenye risiti. Hadi siku hiyo, betri iwekwe wima, mahali pakavu penye kivuli, juu ya plastiki, mbali na watoto na chakula.

Gereji na mafundi wa jua kali wanaobadilisha betri nyingi kwa wiki wana jukumu kubwa zaidi. Nguo za kazi zisichanganywe na za watoto wakati wa kufua, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mzazi anayefika nyumbani na vumbi la risasi kwenye shati hulipeleka hadi kwenye godoro la mtoto bila kujua.

Dereva wa foleni ya Likoni anaweza kuepuka aibu ile kwa kipimo cha dakika chache mara moja kila miezi mitatu, hasa betri inapofikisha mwaka wa pili. Akilazimika kununua nyingine, atakuwa amejua kwa nini anainunua, na ile ya zamani itakuwa imeondoka nyumbani ikiwa nzima, bila tone la asidi kumwagika.